Nilimpa braza hongera kwa CD4 412, kumbe!

Leo sina stori ya fumanizi wala ya kimwana aliyenitosa. Ninayo stori ya namba, na hii namba nimetembea nayo moyoni miaka mingi kama mtu aliyemeza mfupa wa sato. Namba yenyewe ni 412.

Kwetu ni Songwa. Kwa wewe uliyezaliwa Magomeni au Kirumba na hujui ramani, Songwa iko wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga, jirani kabisa na mgodi wa almasi wa Mwadui, ule ambao Mkanada mmoja, John Williamson, aliugundua mwaka 1940. Udongo wetu ni ule mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha baiskeli unaibeba wewe badala ya yenyewe kukubeba. Kijana wa kwetu akimaliza shule ana njia tatu. Ya kwanza ni jembe: pamba, dengu na choroko. Ya pili ni kubeshi, yaani kuzama usiku kwenye mchanga wa mgodi kutafuta almasi, ukikutana na mbwa wa walinzi utajua mwenyewe. Ya tatu ni Geita.

Braza wangu wa tumbo moja alizijaribu zote. Pamba ilimlipa hasara. Kubeshi alienda usiku mmoja tu, akarudi suruali ikiwa na mguu mmoja. Basi akapanda gari pale Maganzo akaenda zake Geita, Rwamagasa, kwenye maduara ya dhahabu. Akawa anaingia shimoni, anatoka mweupe kwa vumbi kama mzimu, anasubiri mawe yake yapite kwenye karasha, akipata anashusha, akikosa anakopa. Akirudi nyumbani ana hela, Songwa nzima inajua. Soda kwa wazee, kanga kwa mama, na mimi mdogo wake napata viatu.

Mwaka 2010, mwezi wa nane, alikuja nyumbani kupumzika. Siku ya gulio walikuja watu wa upimaji, wametundika turubai, wanatoboa kidole bure. Braza akaingia kwa ubishi tu, wenzake walikuwa wanamtania. Alipotoka alikuwa hacheki tena. Lugha ya kijiweni ya wakati huo: amekanyaga miwaya.

Wakamwandikia aende hospitali moja akapimwe CD4. Siku hizo damu ya kipimo hicho ilichukuliwa siku maalumu, kwa sababu mashine haikuwepo kila mahali na damu haisubiri. Ikilala sana seli zinakufa, unapimwa maiti. Wiki ya tatu akarudi na kadi. Alinikuta nyuma ya nyumba nasoma, mimi kidato cha sita, msomi wa ukoo, mtu wa kemia na bailojia bwana! Akanikabidhi kadi kwa mikono miwili kama ananipa mtoto mchanga.

"Dogo, wewe ndiye umesoma haya madude. Hii maana yake nini?"

Nikaitazama. 412. Nilikuwa nimesikia darasani kwamba dawa zinaanza zikifika 200. Nikapiga hesabu yangu ya kitoto: 412 ni zaidi ya 200 mara mbili. Nikamwambia, tena kwa sauti ya daktari bingwa: "Braza, hongera. Hizi nyingi. Uko fiti, huhitaji dawa."

Akacheka mpaka machozi. Alinishika kichwa, akaenda kumwambia mama kwamba msomi kasema. Baada ya siku nne alikuwa Rwamagasa.

Sasa ngoja nikueleze nilichokuwa sijui, kwa sababu najua hata wewe unayesoma hapa ukiwa kwenye daladala unasikia CD4 kila siku na hujawahi kuuliza ni kitu gani.

Sisi wa Shinyanga tuna kitu kinaitwa sungusungu. Kilianzia huku huku, upande wa Kahama, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi kipimo. Wezi wakiingia, mtu anapiga filimbi, au unapigwa mwano, ule ukelele ambao Msukuma akiusikia hata kama anakula anaacha ugali mezani. Kijiji kizima kinatoka na marungu. Mwanaume asiyetoka kesho yake anatozwa faini. Sungusungu ina watu wa kila namna, wenye mbio, wenye nguvu, wenye upinde. Lakini wote hao ni kazi bure kama hakuna aliyepiga filimbi.

Mwili nao una sungusungu wake. Kuna seli zinazomeza wadudu wazima wazima, kuna zinazotengeneza kingamwili, kuna zinazoua seli zilizoingiliwa. Na kuna mpiga filimbi. Huyu anaitwa seli T saidizi, mmoja wa hizi chembe nyeupe za damu. Juu ya ngozi yake kumesimama protini, nyingi, kama vijiti kwenye kichaka. Protini hiyo ndiyo CD4. Jina lenyewe halina maajabu, ni namba tu kwenye orodha ambayo wanasayansi walikubaliana kuanza kuitumia Paris mwaka 1982, maana kila maabara ilikuwa inaipa protini ile ile jina lake.

Kazi yake? Seli mojawapo ikimmeza mdudu humkatakata, ikachukua kipande na kukiweka juu yake kama kwenye kisahani, ikasimama ikisubiri mkaguzi. Mpiga filimbi anakuja kukagua. Hapo CD4 inakuwa mkono unaokishika kile kisahani kisicheze, mpaka ukaguzi uishe na taarifa iingie ndani. Akimtambua mwizi, filimbi inalia na kijiji kinatoka. Ndiyo hiyo tu. Kazi ya mkono kushika kisahani.

Na virusi vya UKIMWI vikaja na kiungo kinachoingia kwenye mkono huo sawasawa kama watu wanaopeana salamu. Hilo lilijulikana mwaka 1984, watafiti wa Paris na wa London wakalitangaza karibu kwa wakati mmoja. Miaka hiyo huku kwetu watu walikuwa wanakufa hawajui wanakufa na nini. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa Tanzania walitoka Kagera mwaka 1983, na kutoka Geita mpaka mpaka wa Kagera siyo mbali hata kidogo. Salamu ya CD4 peke yake haitoshi, virusi vinahitaji mkono wa pili, mara nyingi ule unaoitwa CCR5, uliogundulika mwaka 1996. Kuna Wazungu wachache waliozaliwa bila huo wa pili na virusi vingi vinashindwa kuwaingia. Braza nilipomweleza hili miaka ya baadaye aliniuliza kama kuna Msukuma wa hivyo. Nikamwambia kwa Waafrika jambo hilo halipo kabisa au ni adimu mno. Akasema, "Kama kawaida."

Virusi vikishaingia, mpiga filimbi anageuzwa kiwanda cha kutengeneza virusi vingine, mwisho anakufa. Unaona uchawi wake? Mwizi hakuanza na ng'ombe. Alianza na mwenye filimbi.

Kinachohesabiwa hospitalini basi siyo dawa wala virusi. Wanahesabu wapiga filimbi waliobaki katika milimita moja ya ujazo ya damu, tone ambalo hata kwa macho unalitafuta. Mtu mzima mwenye afya huwa nao kati ya 500 na 1500 hivi. Kwa hiyo 412 yangu ya hongera ilikuwa tayari chini ya kiwango cha mtu mzima! Mimi nililinganisha na 200, mstari wa kuanzia dawa, badala ya kulinganisha na afya. Ni kama kumpongeza mtu kwamba nyumba yake inaungua upande mmoja tu.

Tena yale mengine. Namba hiyo inapanda na kushuka ndani ya siku moja, asubuhi siyo jioni, mafua tu yanaitikisa. Halafu asilimia kama 2 tu ya seli hizo ndiyo inayozunguka kwenye damu, zilizobaki ziko kwenye tezi, kwenye bandama, kwenye utumbo, na huko kwenye utumbo virusi hupiga mapema mno, wiki za mwanzo tu. Kuhesabu kwenye damu ni kama kusimama stendi ya Shinyanga ukahesabu watu waliopo, ukasema umewahesabu Wasukuma. Kipimo kilikuwa na maana, sikatai, kiliokoa watu. Ila hakikuwa kinasema kile nilichokisema mimi. Na kubwa kuliko yote, hakisemi kabisa kama mtu anaambukiza. Mwenye 412 anaambukiza. Mwenye 900 asiyetumia dawa anaambukiza vile vile.

Braza yeye alielewa kwamba ana kinga. Neno lenyewe si ndiyo hilo? Kinga. Ukimwambia mchimbaji ana kinga nyingi, anajua yuko salama, kama mtu aliyechanjwa. Kule machimboni vijana walikuwa bado wanarudia ule utani wa zamani wa mjini kwamba AIDS maana yake Acha Iniue Dogodogo Siachi, wanacheka wanashushia na bia ya moto. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa 2011 na 2012 zilipotoka, Shinyanga ilikuwa na asilimia 7.4 ya watu wazima wenye virusi wakati wastani wa Bara na Visiwani ni 5.1. Sisi hatukuwa tunasoma takwimu. Tulikuwa tunasoma kadi moja.

Mwaka 2011 akampata mama lishe mmoja pale Rwamagasa, mpole, anapika wali maharage wa kukufanya usahau kwenu. Wakaanza kuishi pamoja. Akaniambia kwenye simu: "Nimepata wife, dogo." Nikamuuliza, "Umemwambia?" Kimya kidogo. Halafu akasema, "Nimemwambia nimepima, niko fiti."

Maneno yangu mwenyewe hayo, niko fiti. Nikakata simu nikasema salio limekwisha.

Juni 2013 mama alinipigia, mimi niko chuo, akasema braza yako ameletwa. Siyo amekuja. Ameletwa. Nilishuka Maganzo saa tisa alasiri nikachukua pikipiki. Nilimkuta amelala kwenye mkeka chini ya mwarobaini, nikapita nikamsalimia mzee wa jirani kwanza kwa sababu sikujua yule ni braza. Sisemi kwa kutia chumvi. Kikohozi cha miezi mitatu, jasho la usiku la kulowanisha godoro. Alikuwa amekunywa kila mzizi unaouzwa kati ya Katoro na Geita, akiamini ni vumbi la shimoni tu. Na vumbi nalo halikuwa na haya, mapafu ya mchimbaji mwamba unayakwangua, kifua kikuu kikija kinakuta mlango uko wazi.

Shemeji ndiye aliyemleta. Amekaa pembeni anampepea na upande wa kanga.

CD4 zilikuwa 61.

Ukishashuka chini ya 200 mwili unaanza kuvamiwa na wadudu ambao kwa mtu mzima ni vibaka tu, wanaogopa hata mbwa. Filimbi hailii, wanaingia mchana kweupe. Alikutwa na kifua kikuu. Akaanzishwa dawa za TB kwanza, wiki mbili baadaye ndiyo ARV, ambazo nchini zinatolewa bure toka mwaka 2004. Tukasema amepona sasa. Wiki ya tatu ya ARV, jamani, akazidi! Matezi ya shingo yakavimba kama maembe, homa ikapanda upya. Mama akasema dawa zinamuua, ziachwe. Shemeji yetu mwingine akaanza kutaja mganga wa Bariadi. Daktari kijana tuliyemkuta zamu ndiye alituokoa, alituweka kwenye benchi akatueleza taratibu. Walinzi walikuwa wamekufa au wamelala, sasa wanaanza kurudi, wameamka wamemkuta mwizi sebuleni, ndiyo wanapigana naye. Zile fujo ni vita, siyo kushindwa. Endeleeni na dawa. Akamwongezea vidonge vya kutuliza uvimbe. Tukaendelea, mama akisali kila akimpa kidonge.

Baada ya miezi sita namba ilikuwa 148. Baada ya mwaka, 233. Mama hajui kusoma vizuri lakini namba hizo alizishika kuliko siku zetu za kuzaliwa. Akikutana na mwanamke kisimani anamwambia wangu ana mia mbili thelathini na tatu, kama anataja ng'ombe.

Shemeji naye alipimwa wiki ile ile ya kwanza, 2013. Alikuwa nayo. CD4 zake 540. Wakati huo mstari wa kuanzia dawa ulikuwa umepandishwa mpaka 350, kwa hiyo akaambiwa bado, awe anarudi kupima. Akatoka na kadi yake akanionyesha, maana na yeye alishaambiwa kwamba mimi ndiye msomi. "Shemeji, hii vipi?"

Nikamwambia mimi sijui, amuulize daktari. Nilikuwa najua zaidi kuliko 2010, ndiyo maana.

Yeye kilichomwokoa kusubiri ni mimba. Mwaka 2014 alipata ujauzito, na wakati huo mjamzito alikuwa ameanza kupewa dawa moja kwa moja za maisha, haulizwi CD4 ngapi. Mtoto alizaliwa salama, vipimo vyote vikasoma hana. Yuko darasani sasa, mkorofi kama baba yake.

Wengine walisubiri bila mimba. Mwaka 2015 ndiyo utafiti mkubwa wa nchi 35, watu 4,685, ulitoa majibu ya wale wenye zaidi ya 500, ambao kila mtu alidhani hawana haraka. Walioanza dawa mapema, hatari yao ya kuugua sana au kufa ilipungua kwa asilimia 57 kuliko waliosubiri. Mstari ukapandishwa mpaka 500, halafu Oktoba 2016 Tanzania ikaufuta kabisa: ukikutwa, unaanza. Mimi habari hiyo niliisikia redioni nikiwa kwenye foleni ya benki Mwanza, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Watu walidhani nimeibiwa.

Siku hizi ukienda kliniki CD4 wanapima mwanzoni, kujua umefika ukiwa hali gani, au ukizidiwa. Kinachofuatiliwa ni wingi wa virusi wenyewe. Braza na shemeji wote majibu yao yanasoma havionekani, na mwenye majibu hayo akibaki kwenye dawa hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Utafiti mmoja wa jozi 1,763 za wapenzi, wengine wa Kisumu hapo jirani, ndio ulioanza kuthibitisha hilo mwaka 2011. Angalia mwaka huo. Ndiyo mwaka braza alioniambia amepata wife.

Disemba iliyopita nilienda nyumbani. Mama akafungua sanduku lake la bati kutafuta hati ya shamba, kadi ya 2010 ikadondoka. Nikaiokota. 412, kwa biro ya bluu, mwandiko wa haraka. Na chini yake, kwa mwandiko ule ule, mstari ambao naapa sikuwahi kuuona siku ile nyuma ya nyumba, au niliuona nikaona hauna maana: arudi baada ya miezi 6.

Shemeji alikuwa anachambua dengu pembeni yangu. Aliinua macho akaiona kadi, akaijua ni nini. Yeye husema hajui kama aliupata kwa braza au alikuja nao kutoka kwa mume wake wa kwanza, na kwamba hataki kujua, watoto wanakula. Lakini siku hiyo aliweka ungo chini.

"Hivi shemeji," akasema, "huyu kaka yako kila siku ananiambia kuna mtu alimwambia hiyo namba ni nzuri. Ni nani?"

Braza alikuwa mlangoni anafunga jembe, ametusikia. Hakusema kitu. Alinitazama tu, akasubiri.

"Mimi," nikasema.

Shemeji akaitazama ile kadi muda mrefu. Kisha akavuta ungo wake akaendelea kutoa mawe kwenye dengu, na bila kunitazama akaniambia nisogee, nimekaa kwenye mwanga wake.